Re ya Kukaa

Madereva wa Kanda ya Kati wanaona. Hayo si maneno ya vijiweni. Yamo katika Taarifa ya Kamati ya Tathmini ya Uoni wa Madereva, ukurasa wa tatu, chini ya picha ya wajumbe waliosimama mbele ya jengo wakikunja nyuso kwa jua. Katika miaka mitano, taarifa inasema, waombaji 4,112 walipimwa macho kabla ya kupewa au kuhuishiwa leseni, na 4,109 kati yao walikutwa na uoni wa kuridhisha. Kuhusu watatu waliobaki, maelezo ya chini ya ukurasa yanafafanua kuwa hawakufika. Kamati ikahitimisha kwamba upimaji ni madhubuti, ikaagiza uzidi kuimarishwa, ikapiga picha nyingine.

Mmoja wa hao 4,109 ni Masudi Swalehe, umri miaka hamsini na sita, dereva wa lori la mahindi, mkazi wa Kibaigwa, mzaliwa wa vilima vya Kondoa, ambaye kwa miaka minne alikuwa haoni kibao cha barabarani mpaka kiwe kimeshapita.

Hakuwa kipofu, asisingiziwe. Ng'ombe alimwona, mtu alimwona, lori linalokuja aliliona. Vitu vidogo vya mbali ndivyo vilivyomkimbia; vilimjia kama vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Lakini barabara ya Kibaigwa hadi Dodoma mjini aliipita mara ya kwanza akiwa utingo wa miaka kumi na tisa, juu ya magunia ya vitunguu, na tangu hapo ameipita mara nyingi kuliko alivyopita mlangoni kwake. Aliijua kwa makalio. Kiti kilimwambia kwamba Mtanana imekwisha, mgongo ukamwambia kwamba sasa ni Buigiri. Penye vibao alipunguza mwendo kwa sababu alijua vilipo, si kwa sababu aliviona, na kwa siku nyingi za mwaka tofauti hiyo haina madhara. Safari za barabara asizozizoea, kama Singida, alizikataa kwa kusingizia tumbo. Asma, mwenye lori, aliamini kabisa kwamba maji ya Singida hayapatani naye.

Asma huyo ni mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa Kondoa kama yeye, mwenye sauti inayosikika juu ya mashine ya kupukuchua. Alimheshimu Masudi, akimwita Baba Kulu kwa jina la binti yake Kuluthumu, lakini heshima hiyo ilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa Jumatano, tarehe ishirini na nane. Siku hiyo leseni ya Masudi ilikuwa inaisha. Asma alikwishasema mbele za watu: leseni ikilala hata siku moja, funguo za lori zinakwenda kwa Mudrick. Mudrick, dereva asiye na lori, alikuwa na miaka ishirini na saba, alikuwa na macho ya mwewe kwa maelezo yake mwenyewe, na alikwishauliza kama kiti cha dereva kinaweza kurudishwa nyuma kidogo.

Masudi hakuwa na shaka. Macho yalikuwa yamemwacha, lakini wimbo wa taifa alikuwa nao.

Hapa inabidi kueleza. Mwombaji wa leseni wa upande huo hutumwa kupimwa kwenye kliniki moja ya macho, Makole, chumba namba saba. Humo kuna mstari wa gundi nyekundu sakafuni, na ukutani kuna chati ya herufi. Mpimwaji husimama wima kwenye mstari, visigino pamoja, mkono mmoja umeinuliwa kuziba jicho, kisha husoma mstari wa tano kwa sauti. Akitazamwa kutoka mlangoni anafanana sana na mtu anayepigiwa saluti au anayepiga. Ndiyo maana madereva wa malori hawasemi wanakwenda kupima macho. Wanasema wanakwenda kuimba wimbo wa taifa. Na kwa kuwa chati ilikuwa ileile tangu jengo lifunguliwe, maneno ya wimbo nayo yalikuwa yaleyale: de, re, fe, ze, pe. Mara moja kwa jicho la kulia, mara moja kwa la kushoto. Wenye haraka waliziba jicho lilelile mara mbili.

Aliyekuwa akiwasikiliza ni nesi wa macho aitwaye Loisi, mzaliwa wa Bahi, miaka thelathini na minne, mtu wa kuuliza. Tangu utotoni aliuliza. Aliuliza kwa nini kuku hunywa maji akitazama juu, aliuliza kwa nini mchungaji hufumba macho wakati wa kusoma matangazo, na alipoolewa aliuliza mambo ambayo mume wake hadi leo anasema yangeweza kungoja. Kwa hiyo haikumchukua muda kuona jambo la ajabu katika chumba namba saba. Madereva wa malori walifaulu wote, lakini wote walikosea herufi moja, ileile. Herufi ya pili ya mstari wa tano ni L. Wao waliiona R.

Kosa moja kwa mstari linaruhusiwa, kwa hiyo fomu zilisainiwa. Lakini Loisi alianza kuweka alama kwenye daftari la kurasa arobaini, na daftari lilipojaa alikwenda kwa daktari wake, Charles, akamkuta anatafuna karanga.

"Daktari, kuna ugonjwa wa macho unaokula herufi moja tu?"

"Herufi gani?"

"L. Wanaiona R."

"Wangapi?"

"Mia sita na kumi na watatu."

Daktari akasimamisha taya. "Na wengine?"

"Walimu wanaiona L. Bodaboda L. Mama anayefagia hapa, ambaye anakuomba umsomee ujumbe wa simu yake, L. Ni madereva wa malori tu, na zaidi wa njia ya Kibaigwa."

"Andika andiko," Daktari Charles akasema kwa furaha ya kweli. "Tutalipeleka kwenye kongamano."

Loisi akaanza utafiti. Alishuku maji ya chumvi, lakini maji ya chumvi Dodoma tunakunywa wote. Alishuku vumbi la pumba, akapima wabeba magunia tisa. Wote wakaona L. Alishuku mboga ya mlenda, na hilo aliliacha upesi kwa sababu za kifamilia. Kwa miezi minane alimiliki, peke yake duniani, ugonjwa usio na jina, na inasemekana ilikuwa miezi mizuri.

Ugonjwa huo ulipona siku moja saa nne asubuhi. Kliniki ilikuwa inatarajia mgeni rasmi, na kama ilivyo ada, mgeni rasmi hutanguliwa na rangi. Fundi alikuwa ameshusha chati ya chumba namba saba ili apake ukuta, akaiegemeza nyuma ya mlango. Ukutani pakabaki weupe mtupu na msumari. Akaingia dereva kijana, Msafiri, mwenye haraka, akasimama kwenye gundi nyekundu, akainua mkono.

"Haya, mstari wa tano," Loisi akasema, uso ukiwa kwenye fomu.

"De, re, fe, ze, pe."

Loisi akaweka tiki. Kisha akainua kichwa, taratibu.

"Msafiri."

"Naam, Sista."

"Unasoma wapi?"

"Si pale?"

"Pale pana nini?"

Msafiri akafumbua jicho la pili. "Pana msumari."

"Na huo msumari umeandikwa nini?"

"Sista, usinifanyie hivyo. Nina alizeti Kizota, kiwandani wananisubiri toka alfajiri."

Loisi akaichukua chati nyuma ya mlango, akaitundika juu ya rangi mbichi, akamrudisha kwenye mstari. Msafiri akatazama. Akasoma vizuri, mpaka mstari wa saba, mpaka maandishi madogo ya mtengenezaji.

"Aa!" akasema. "Kumbe pale ni le!"

Alikuwa na macho mazima kabisa. Hakuwahi tu kuyatumia ndani ya chumba kile.

"Sasa kama unaona, unakariri cha nini?"

Msafiri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni mila za mji. "Sista, huu si mtihani? Mtihani unausomea."

"Nani kakufundisha?"

"Kufundishwa nini? Huu wimbo wa kila mtu. Lakini ukifika Kibaigwa ulizia mzee Masudi, wa lori la Asma. Ndiye mtunzi."

Mtu mwingine angeandika ripoti siku hiyohiyo. Loisi aliifikiria ripoti, akafikiria pia kwamba kila fomu ya miaka minane ilikuwa na saini yake, akaona jambo hilo linahitaji kutuliza akili kwanza. Lakini kilichomkosesha raha hasa hakikuwa saini. Kama mtu aliiona chati kwa macho yake, akaikariri, akaigawa kwa wenzake, imekuwaje akosee herufi moja, na tena moja tu? Jumamosi, tarehe ishirini na nne, akaenda Kibaigwa. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kununua mahindi.

Soko lilikuwa limechangamka. Malori yamepangana nyuma nyuma, madalali wanaitana kwa majina ya mbegu, pumba inaelea hewani, kila mtu ana nyusi nyeupe. Masudi alikuwa amekaa juu ya gunia anakunywa chai. Loisi alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya chungwa ambacho kingeonekana kutoka Pandambili. Alimtazama Masudi akimtazama: hatua ishirini, kumi, tano, hakuna dalili. Akayaweka hayo moyoni, kikazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mahindi au alizeti?"

"Macho."

Kwa sauti alimjua palepale. Akaweka kikombe chini. "Sista wa Makole! Karibu gunia."

Loisi akakaa. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Wimbo wa taifa umeutunga wewe?"

"Kasema nani?"

"Msafiri."

"Msafiri mdomo wake hauna breki. Mimi sikutunga, mimi niliona. Enzi hizo naona mpaka vumbi juu ya chati. Kulikuwa na dalali hapa, Ernest, anataka reseni na macho yake yamechoka. Nikamsomea, akaandika kwenye boksi la sigara. Boksi likazunguka. Ningefanyaje?"

"Ulimsomea nini?"

"Kilichokuwepo. De, re, fe, ze, pe."

"Re haipo."

"Ipo."

"Mzee wangu, ile chati naitazama kila siku ya kazi. Pale pana le."

"Ndiyo hiyohiyo. Re."

Loisi akatoa kalamu, akaandika L kwenye kiganja chake, akamsogezea puani. "Hii nini?"

"Re."

Akaandika R pembeni. "Na hii?"

"Re."

"Zote re?"

"Zote re, lakini si moja." Masudi akaweka kidole juu ya L kwa upole, kama mtu anayemtambulisha ndugu. "Hii ni re ya kukaa. Si unaona imekaa kitini, miguu kainyoosha mbele? Hii nyingine re ya kusimama, ina kichwa, ina tumbo, mguu mmoja umetangulia. Mimi nilimwambia Ernest re ya kukaa. Sasa yeye alikuwa na haraka ya kuandika."

Loisi alicheka mpaka mbeba gunia mmoja akasimama na mzigo wake mgongoni kuangalia kuna nini. Alicheka ugonjwa wake wa miezi minane, na andiko, na kongamano.

"Lakini kwa nini, mzee? Kwa nini zote re?"

"Mwalimu wetu wa darasa la pili alitoka mbali. Ukisema 'balabala', fimbo. Ukisema 'lafiki yangu', fimbo, na rafiki mwenyewe anakucheka. Hakuna aliyechapwa kwa kuzidisha re. Nikapima, nikaona salama ni huko. Nyumbani nasema nitakavyo, lakini neno la shule au la serikari, mimi re. Rori, reseni, sijawahi kuchapwa." Akanywa chai. "Na wakubwa wenyewe hawana tofauti. Sisi kwetu tunajiita Valaangi. Wakaja kutuandika, wakaandika Warangi. Mbona wao hawakupimwa macho?"

Loisi akarudi kwenye hesabu yake. Akamweleza: watu mia sita na kumi na watatu wamesimama mbele yake wakasoma re ya kusimama.

"Mia sita?" Masudi alijitahidi asionekane amefurahi. "Na wote wakapita?"

"Kosa moja linaruhusiwa."

"Basi hakuna aliyeumia."

"Hilo ndilo sijui. Mzee, kile kibao ng'ambo ya barabara kimeandikwa nini?"

"Kipi?"

Masudi akakaza macho ng'ambo, kisha akayashusha. Akageuza kikombe mkononi, akatazama ndani yake kama aliyesahau sukari.

Sauti ikawafikia kabla ya mwenyewe. "Baba Kulu! Huyo mteja au mke mdogo?"

"Mgeni, Asma. Mheshimu."

"Namheshimu. Mgeni, mkumbushe huyu mwenyeji wako kwamba ana siku nne. Tarehe ishirini na nane leseni inalala, ishirini na tisa Mudrick anaamka na funguo. Mimi silazi lori kwa sababu ya karatasi." Akaondoka akiwa tayari anagombana na mtu mwingine.

"Umesikia," Masudi akasema.

"Nimesikia. Jumatatu tutaonana."

"Wewe utaniona. Mimi, tutajua hapohapo."

Jumapili baada ya ibada Loisi alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika nyuma yake herufi kwa wino mzito, kwa rula, ukubwa uleule wa chati, mpangilio mwingine kabisa. Jumatatu asubuhi akaitundika kwenye msumari. Hakumwambia mtu. Hakuwa na uhakika kama anatega mtego au anafanya kazi yake kwa mara ya kwanza, na hilo nalo lilimvutia.

Masudi alifika saa tatu, amevaa shati la Idi na kofia yake ya kufuma. Akasimama kwenye gundi nyekundu, visigino pamoja, akaziba jicho la kushoto.

"Mstari wa tano, mzee."

"De," Masudi akasema, akaishia hapo.

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la mitungi. Masudi alishusha mkono.

"Sista, niulize kitu. Ile re yangu ipo leo?"

"Ipi?"

"Ya kukaa."

"Tazama."

"Unajua mara ya mwisho hapa sikutazama kabisa? Niliimba nikaondoka. Tangu Jumamosi najiuliza, hivi kule ukutani kuna nini siku hizi." Akainua tena mkono, akaegemeza mwili mbele bila kuvuka gundi, akakaza jicho mpaka shavu likapanda. Alitazama kwa muda mrefu sana kwa mtu ambaye angeweza kumaliza kwa silabi nne. "Naona ukuta. Naona karatasi. Juu kabisa kuna kitu kikubwa, kama kiti au kama nyundo. Halafu huko chini ni sisimizi. Sista, sioni."

"La kushoto?"

"Sisimizi walewale."

Loisi alikaa na kalamu juu ya fomu. Alijua Jumatano ni keshokutwa, na alijua funguo zinakwenda wapi.

"Mzee, kuna njia," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu wa hivi huwa naandika hakufika. Anajipanga, anarudi siku nyingine, karatasi yake haichafuki. Nimeshafanya hivyo mara tatu."

"Lakini nimefika."

"Umefika."

"Na shati la Idi nimevaa."

"Nimeliona."

"Basi andika nimefika, sijaona."

Akaandika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika neno hilo katika kisanduku kile, ikabidi asome maelekezo kujua linaandikwaje. Kisha akampima upya kwa lenzi, moja baada ya nyingine, na wala hakukuwa na siri kubwa: macho yalikuwa hayafiki mbali, yakihitaji miwani ya kawaida ambayo mafundi wa mjini huikata kwa wiki mbili na kidogo. Akiwa nayo, apimwe tena.

Alhamisi Mudrick akashika funguo, na kiti kikarudishwa nyuma.

Wiki hizo Masudi alizikaa juu ya gunia. Habari ilifika soko zima kabla ya adhuhuri, na ilipokelewa kama ilivyostahili.

"Mzee kafeli wimbo aliotunga mwenyewe!"

"Labda kasahau kiitikio."

"Baba Kulu, hebu tuambie, hivi mimi ni Ernest au ni tela?"

"Tela," Masudi akajibu. "Ernest ana akili."

Usiku na mchana wake ulikuwa mmoja: kukaa. Mtu aliyepita barabara ile miaka thelathini na saba hajui la kufanya na miguu yake. Asma alikuwa akimpitia asubuhi, akimsalimu kwa adabu nyingi kuliko kawaida, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma.

Miwani ilipokuwa tayari, alipanda lori lilelile la Asma kama abiria, kando ya Mudrick, akashushwa mjini, akaichukua, na saa nane mchana wakaanza kurudi. Tangu Ihumwa Masudi alikuwa anasoma. Alisoma kila kitu. Alisoma majina ya maduka, namba za nguzo za umeme, ahadi zilizoandikwa nyuma ya matangi ya mafuta. Mahali fulani baada ya Chamwino, ambapo kwa miaka minne alikuwa akipunguza mwendo kwa heshima ya kibao cha watoto wa shule, aligundua kwamba ni tangazo la mbolea.

"Mbolea!" akasema. "Wale watoto wa shule wako wapi?"

"Watoto gani, mzee?"

"Basi endelea." Wakaenda. "Mudrick, pale mbele wanasema hamsini."

"Wapi?"

"Kibao kile."

"Kipi?" Mudrick akasema.

Masudi akageuka, akamtazama Mudrick vizuri, kwa vioo vyote viwili. Kijana alikuwa ameinamia usukani, kidevu karibu na kioo, shavu la kushoto limepanda.

"Mudrick, mwanangu. Mstari wa tano unasemaje?"

"De, re, fe, ze, pe," Mudrick akajibu bila kufikiri.

Walipofika Kibaigwa Masudi hakumsema. Alimwomba tu Asma asimame pamoja nao mlangoni pa stoo, akaomba kila mmoja asome jina la basi lililokuwa linaegesha upande wa pili wa barabara. Asma akasoma. Masudi akasoma, akaongeza na namba ya usajili. Mudrick akasema basi lenyewe ni zuri. Asma alitoa mkono, Mudrick akaweka funguo ndani yake, na siku ya pili yake Masudi alipimwa tena Makole, akapita, akapewa leseni yenye masharti ya miwani. Kiti kilirudishwa mbele. Mudrick alisema naye atakwenda kwa Sista akipata nafasi, na mpaka sasa anaendesha lori la mtu mwingine.

Loisi aliandika ripoti, safari hii kweli. Hakuficha saini zake. Alipendekeza chati ziwe tatu au nne, zibadilishwe bila taarifa, na mpimaji achague siku hiyohiyo. Ukurasa mmoja na nusu, pamoja na kalenda yake kama kielelezo. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Lilimpongeza kwa ubunifu. Lilimkumbusha kwamba upimaji hufanywa kwa chati iliyoidhinishwa peke yake, likamtaka aondoe ukutani karatasi yoyote nyingine. Chati ya zamani ikarudi kwenye msumari.

Masudi kwa upande wake aliona ana deni kwa mia sita na kumi na watatu, akapita lori kwa lori kusahihisha: si re ya kusimama, jamani, ni ya kukaa, na kwa watu wa shule semeni le. Walimwelewa upesi.

Taarifa mpya ya Kamati imetoka. Inasema kwamba mwaka huu walipimwa madereva 861 na kwamba 860 wanaona, wengi wao bila kosa hata moja, jambo ambalo Kamati inalitaja kuwa matunda ya kuimarishwa kwa mfumo. Mmoja alishindwa. Kwamba alirudi baadaye akafaulu haionyeshwi, kwa kuwa mtu hahesabiwi mara mbili. Katika madereva wa mahindi wa Kibaigwa, ndiye pekee mwenye miwani.